Leseni ya Kufunga

Fundi Koki alikuwa amefunga mabomba tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza leseni hadi zahanati ilipoletewa mtambo wa kusafisha maji. Mtambo wenyewe ulikaa koridoni ndani ya boksi, nje ya chumba cha kujifungulia, huku bombani yakitoka maji mekundu yenye udongo. Mke wa Koki alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na Koki alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataogeshwa tope.

"Bila leseni usiuguse, baba," alisema mkunga wa zahanati, ambaye ndiye mama mkwe wake. "Watatufungia hapa."

Basi akaenda ofisi ya leseni. Ofisa, mtu wa kitambi na tabasamu la bure, akamweleza sharti: mwombaji aonyeshe kwanza mtambo alioufunga kwa mkono wake.

"Lakini mkubwa, kufunga bila leseni si kosa?"

"Kosa kubwa sana."

"Sasa niwaonyeshe nini?"

"Hilo ni lako. Kesho tunakuja kukagua."

Kesho yake, mkewe akiwa ameshaingia chumbani kwa uchungu, ofisa akafika na wenzake wawili. Wakalizunguka boksi. Ofisa akaligonga, akatega sikio.

"Umefungwa?"

"Umefungwa, mkubwa. Tangu dukani," alijibu Koki, na huo ulikuwa ukweli mtupu, maana boksi lilikuwa limezungushiwa utepe wa gundi pande zote.

"Unavuja?"

"Hata tone."

Mmoja akalitikisa kidogo. "Kazi safi," akasema. "Wengine mitambo yao inavuja siku ile ile."

Leseni ikagongwa mhuri palepale. Koki akajikaza asicheke, akashukuru, akatoa kisu akate utepe.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nafungua boksi, nifunge mtambo."

"Leseni yako ni ya kufunga," ofisa alisema kwa upole wa kuudhi. "Kufungua ni idara nyingine. Na mhusika yuko likizo."

Mama mkwe akachomoza kichwa mlangoni, jasho likimtiririka. "Baba, maji safi! Mwenzio anajifungua!"

Ofisa akashtuka. "Anajifungua? Kwa kibali cha nani?"

Hapo hasira zikampanda Koki hadi utosini. Akalipasua boksi. Akaunga mabomba, akakaza nati, huku wale watatu wakimsomea vifungu vya sheria mgongoni kama wanaoombea maiti. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, yakafuata ya kijivu, kisha yakaja meupe. Mama mkwe akakinga beseni, akakimbia nalo ndani. Muda si mrefu kikasikika kilio chembamba, na Koki naye akalia bila aibu yoyote.

Alipokabidhiwa mtoto, msafi, ananukia sabuni, ofisa alikuwa bado amesimama palepale, kidole juu.

"Umevunja sheria, fundi. Tutakufunga!"

Koki akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akachomoa karatasi yake mfukoni.

"Leseni ya kufunga ninayo mimi," akasema. "Yenu iko wapi?"

Wale watatu wakatazamana, kisha wakaanza kujipapasa mifukoni.