Farasi Ishirini na Tano

Mwaka ule petroli ilikuwa adimu kuliko dawa, na Apolinari, mvuvi wa kijiji cha Sibwesa kando ya ziwa, mjinga yule, akaona ndio mwaka wa kufunga injini kubwa. Tusimcheke kwanza. Binti yake Romana alishapoteza mtoto ndani ya boti ya baba yake, njiani kwenda hospitali Karema, kwa sababu injini ya nguvu za farasi sita ilijikokota masaa matano mazima. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na baba mtu aliapa kwamba hii haitapotelea ziwani.

Basi akabadilishana na mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Kigoma. Alitoa injini ndogo na nyavu zake zote, akapewa ya farasi ishirini na tano. Ili boti iwe nyepesi, aling'oa viti, akashusha na makasia akayatupia nyuma ya nyumba.

"Makasia nayo yamekukosea nini?" mkewe Pelagia alimuuliza.

"Mama Romana, kasia ni la mtu asiye na injini."

Jumapili baada ya misa akaijaribu. Wee, ilikwenda! Pua juu, maji yanapasuka huku na huku, watu wamejaa ufukweni wanamtazama, naye kichwa kimemvimba. Akazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akampakia jirani yake Telesphor naye aonje. Alipozima injini, debe la petroli lilikuwa limebaki nusu. Hakushtuka. Nusu debe siku zote ilimfikisha Karema.

Ndiyo, kwa farasi sita.

Uchungu ulimshika Romana Jumatano asubuhi, mtoto amekaa vibaya. Wakampakia, yeye na mama yake, na saa nzima ya kwanza Apolinari alikaribia kucheka kwa furaha, jinsi milima ilivyokuwa ikikimbia. Halafu injini ikakohoa, ikanyamaza. Akatikisa debe, kavu. Pwani yote pale ni miamba, hakuna nyumba wala moshi. Pelagia akashika kopo la kukumbia maji, akaanza kupiga kasia kwa kopo. Boti ikawa inazunguka pale pale.

"Baba, tumefika?" Romana aliuliza.

"Karibu, mama. Karibu tu."

Akarudi kwenye injini, akavuta kamba. Akavuta tena. Jua likafika utosini, viganja vikachubuka, na yeye anavuta. Nyuma yake alimsikia Romana akipiga kelele, kisha akiguna, kisha hakusikia kitu.

"Acha, Baba Romana," Pelagia alisema. "Amekwenda. Wote wawili."

Alijua debe halina hata tone. Akaendelea kuvuta kamba, maana akiacha ingebidi ageuke.