Aliyeshika Upande wa Kushoto

Jumamosi asubuhi, katika jimu iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi mtaani Tena, Nthambi alimbandika Nabiswa vihisi viwili, kimoja kila mkono. Vilikuwa vitambaa vya kunata, vyepesi kama bendeji. Kampuni iliyomwajiri Nthambi alipomaliza chuo ilitaka kujua kama vinapima kazi ya misuli sawasawa na mashine ya maabara, kwa hiyo kando ya kila kitambaa palikuwa na nyaya za mashine hiyo.

Nabiswa, kibarua wa kupakia magunia katika kiwanda cha unga, alikuwa ametembea kutoka Mukuru kwa Njenga. Alikitazama chuma kirefu chenye uzito ncha zote mbili, akacheka.

"Watu hulipa ndio wainue hii?"

"Hulipa, mzee. Tena huleta na maji yao. Inua, kisha ushushe polepole."

Aliinua. Mstari wa mkono wa kulia ulipanda kwenye skrini. Wa kushoto ulilala chini, kama wa mtu aliye usingizini. Nyaya za maabara zilisema hivyo hivyo. Nthambi alisafisha ngozi kwa spiriti, akabadilisha vihisi. Kushoto pakabaki palepale. Kisha Nabiswa akajikuna pua kwa mkono wa kushoto, na chuma hakikuinama.

"Mzee, upande ule umeshikwa na nani?"

"Job. Mwenzangu. Yeye hushika kushoto."

Chini ya ncha ya kushoto, sakafuni, palikuwa na nyayo mbili za unga. Nthambi alisogeza waya usikanyagwe.

Nabiswa alimweleza huku akipumzika. Magunia makubwa hubebwa na wawili, na ghalani mtu haachi mzigo kabla mwenzake hajasema "achia". Mwezi wa Machi rundo liliporomoka. Nabiswa alirushwa pembeni, Job akafunikwa, na katika vumbi lile hakuna aliyesema "achia". Kwa hiyo Job bado ameshika. Kiwanda kilimwambia mjane wake, Vivian, kwamba siku hiyo Job hakuwa kazini. Eti alikuwa mpita njia. Ndani ya ghala, geti limefungwa.

"Si umwambie aachie?"

"Vivian amenikataza. Wakubali kwanza kwamba alikuwa ameshika."

Nthambi alichukua kihisi cha tatu na nyaya zake, akavibandika hewani, mahali ambapo mkono ungekuwa. Vikanata. Mstari ukapanda mzuri kuliko yote ya asubuhi ile, kitambaa na maabara vikikubaliana kila mahali.

"Anafanya kazi," Nthambi alisema.

"Si ndivyo tumekuwa tukiwaambia kiwandani."

Nthambi alirudi nyumbani, mtaa wa Fedha, akiwa na furaha. Aliamini kwamba jambo likishapimwa, watu watalikubali.

Bosi wake, Mativo, aliisoma ripoti kwa makini. "Huyu Job ndiye bora. Lakini hana umri, hana uzito, hajatia sahihi. Mtoe."

"Misuli yake ilifanya kazi, bosi."

"Sijakataa. Kihisi kiko sawa. Ni mtu tu ambaye hajatimiza masharti."

Job akatolewa, na kihisi kikafaulu.

Nthambi alimpa Vivian nakala ya mchoro, naye akaipeleka kiwandani. Meneja aliitazama, akamkaribisha kiti. Alisema hana shaka nayo. Inaonyesha kwamba Job anafanya kazi sasa, katika jimu, huko Tena. Ya Machi ni mambo mengine.

Jumamosi iliyofuata vijana wa jimu walikuwa wameshaacha kuweka mabegi upande wa kushoto. "Niaje, Jobo," walisema wakipita. Vivian aliketi kwenye benchi, leso mapajani, macho kwenye ncha ya chuma. Nthambi alikuwa amemfunga Job kihisi kipya, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Inasema nini?" Vivian aliuliza.

Nthambi aliisogelea skrini. Misuli ikianza kuchoka, mstari hubadilika. Hilo nalo kihisi hulipima vizuri.

"Amechoka, mama. Ameanza kutetemeka."

Nabiswa alifungua kinywa, akamtazama Vivian.

Vivian aliinuka, akapangusa kwa leso mahali penye jasho, hewani, polepole, kama anayekijua kipaji kile cha uso. Akarudi kuketi.

"Mwambie ashike tu," alisema. "Jumatatu nitarudi kwao kiwandani."

Nabiswa akafunga kinywa. Chuma kilibaki sawa.