Binti Radi Kwenye Barafu

Kwa wiki tatu Binti Radi alikuwa amekwama juu ya barafu ya dunia ya saba, na aliyemkwamisha alikuwa Rahila, mshonaji wa sare za skuli pale Madungu, Chake Chake.

Rahila alimwandika kwenye simu, sura moja kila Alkhamisi, akaituma katika kundi la WhatsApp la wanawake mia mbili na kitu. Binti Radi akipiga kisigino chini, mlango wa dunia nyingine ulifunguka. Kila dunia aliyoingia alikuta mfalme, na kila mfalme alijuta.

Dunia ya sita ndiyo iliyoleta maneno. Mfalme wake hakuinuka kitini. Akitaka kikombe kilichokuwa mbele yake, aliita mtu aje amsogezee. Othman, mume wa Rahila, aliisoma sura ile kwenye simu ya dada yake. Alirudi nyumbani, akala, akanawa mikono, ndipo akasema, "Mfalme yule anakunywa chai ya mdalasini."

"Watu wengi wanakunywa."

"Wenye kovu kwenye nyusi?"

Kovu lile la mumewe Rahila alilitia bila kufikiri.

"Sikukatazi," alisema Othman. Angegomba ingekuwa nafuu. Tangu siku ile kila kikombe alikifuata mwenyewe jikoni, na alipokiosha nyumba nzima ilisikia. Rahila aliona haya, kisha akakasirika kwa kuona haya, na Alkhamisi ilipofika hakutuma kitu. Wala ya pili, wala ya tatu, na Binti Radi akabaki kwenye barafu alikotua mwisho wa sura ile.

Jumamosi saa nne asubuhi hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama bibi mmoja wa baibui, mkononi ana kikapu cha pweza mkavu.

"Ndiye weye mwenye Binti Radi?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, bibi. Karibu ndani."

"Marahaba. Miye Bi Tatu, natoka Kojani. Nimevuka maji, nikapanda gari mbili. Mjukuu wangu Samiha hutusomea tukisuka ukili wa mikeka. Sasa wiki tatu hana cha kusoma. Mwanamke wa watu umemwacha kwenye barafu, kakukosea nini?"

Othman alitoka chumbani, akamwamkia mgeni, akavuta kiti akaketi. Rahila alitamani mumewe akumbuke shughuli nyingine.

"Tena hajala," aliendelea Bi Tatu, akisukuma kikapu mbele. "Dunia saba, vita kumi na moja, hata tonge. Hilo nalo nimekuja kulisema."

Rahila aliahidi kwamba Binti Radi atakula.

"Na jambo jengine. Yule mfalme wa kitini. Nani alikupa habari za marehemu mume wangu?"

Othman alisogeza kiti karibu.

"Bibi, mimi simjui marehemu."

"Mbona ndiye yeye? Kikombe kipo mbele yake, anaita ntu. Miaka thelathini na nne. Siku niliyosomewa nilicheka hata nikatoka machozi, kisha nikamwombea dua. Nilikuwa sijamwombea siku nyingi."

Othman alijikuna nyusi. "Marehemu alikuwa na kovu?"

"La. Lakini kovu si kitu. Ni kule kukaa."

Othman alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu ambacho hakukitaka.

"Sasa mtoe kwenye barafu," Bi Tatu alimwambia Rahila.

"Sijui nimtoe vipi." Hilo Rahila hakuwa amemwambia mtu. "Akipiga kisigino, kinateleza."

"Kavaa viatu?"

"Vya dhahabu."

"Avivue."

Rahila alimtazama. Sura ile alikuwa ameshaianza na kuifuta mara nane. Alimletea joka, akamletea jua la pili, na hata mara moja hakufikiria viatu.

"Atapata baridi," alisema Othman.

"Kachoma majeshi mawili. Baridi itamfanya nini?"

Othman alifikiri kidogo. "Basi avishike mkononi. Dhahabu haiachwi."

Rahila aliandika palepale, ameketi kwenye cherehani, na chakula cha mchana kilipoandaliwa Bi Tatu alitaka asomewe. Rahila hakuwahi kumsomea mtu maneno yake kwa sauti. Mwanzo alisoma harakaharaka. Binti Radi alipokunja vidole vya miguu na kuipiga barafu, ikapasuka kutoka upeo hadi upeo, Bi Tatu alifumba macho, na Othman alikuwa amesahau tonge mkononi.

"Fupi," alisema Bi Tatu. "Lakini katoka."

Alasiri Rahila alimsindikiza hadi kituo cha gari. Njiani bibi aliuliza kama dunia ya nane ina bahari. Rahila alisema hajafikiria.

"Usitie. Bahari tunayo. Mpeleke pahala tusipopajua."

Gari ilikuwa haijajaa. Wakakaa kwenye ukuta, na Rahila akaanza kumweleza juu ya nchi ambayo mvua yake hutoka ardhini ikapanda juu. Bi Tatu aliuliza mapaa ya watu wa huko huezekwa upande gani, na hilo likawachukua mpaka dereva akapiga honi.