Kuni za Kumpokea Iteka

Siku mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto ilipokufa, Tharcisse alitabasamu. Épiphanie, mkewe, alimwona kwa macho yake mawili. Fundi alikuwa ameondoka sasa hivi, akisema kipuri hakipo mjini, kimeagizwa, na kwa baridi hii ya Januari nusu ya Scarborough inamngoja yeye, kwa hiyo wavumilie mpaka wiki ijayo. Na mwanamume mzima akabaki amesimama kwenye ngazi na tochi mkononi, uso umemchangamka kama mtu aliyeambiwa timu yake imeshinda.

"Usihangaike, Mama Nicole," akasema. "Sasa nyumba hii itamwona mtu aliyelelewa na kuni."

Épiphanie akajua wamekwisha.

Nyumba yao hapo Malvern, Toronto, waliinunua kwa mzee mmoja aliyewaachia sebuleni jiko la kuni la chuma, jeusi, lenye mlango wa kioo na dohani inayopanda hadi juu ya paa. Nyuma ya nyumba, chini ya kibanda, aliwaachia pia kuni. Zilikuwa za kijivu, nyepesi, zimepasukapasuka vichwani kama visigino vya mtu asiyejipaka mafuta. Septemba Tharcisse alizipima mkononi moja moja, akazitangaza kuwa zimezeeka. Ukuni wenye moto ni ukuni mzito, alisema, hizi zimeishiwa nguvu, zifae kuchomea nyama tu. Akazifunga mafungu, akampakilia Kangethe, Mkenya anayefanya naye kazi kiwandani, ambaye kiangazi chote hapitishi Jumamosi bila kuwasha moto wa nyama. Na kamba aliyozifungia ilikuwa kamba ya kijani ya Épiphanie ya kuanikia nguo, aliyoikata vipande bila hata kuuliza. Kwa kamba ile hajasamehewa mpaka leo.

Oktoba jirani akakata mti mkubwa, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya nchi hii. Tharcisse akaomba mti mzima. Akaupasua wiki mbili, akazipanga kuni hadi zikafika kifuani, akazifunika kwa turubai mpaka chini, akazibana kwa mawe kila upande kama anayevundika ndizi. Miezi mitatu inatosha, alisema. Kwao Rumonge, kando ya ziwa, kuni ukizikata mwanzo wa kiangazi, kabla mvua ya kwanza haijarudi zinalia ukizigonga.

Hilo ni kweli, na Épiphanie hakulibisha. Yeye ni wa Uvira, ng'ambo tu ya ziwa lile lile, na kiangazi cha huko anakijua. Lakini miezi mitatu ya Rumonge ni miezi ya jua. Hii ya Toronto ilikuwa ya mvua, kisha ya theluji, kisha ya barafu, na chini ya turubai lile kuni zilikaa zinatoka jasho. Alimwambia Oktoba afungue ubavuni upepo upite. Alimwambia tena Novemba. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. "Ujuzi hauzeeki, Mama Nicole," ndilo lilikuwa jibu lake la siku zote, na ukimwuliza ujuzi gani, anakuonyesha viganja vyake vyenye sugu.

Yote hayo Épiphanie angeyameza kama alivyokwisha kumeza mengi, lau si Jumapili. Jumapili ile, baada ya kanisa, Nicole binti yao angemleta mtoto wake nyumbani kwao kwa mara ya kwanza. Mtoto ni wa kike, anaitwa Iteka, amezaliwa Desemba. Watu wa kanisa wangekuja kumpongeza mzazi, jambo ambalo kwao Tharcisse huitwa kuhemba: huja na sukari, na unga, na zamani walikuja na kuni, maana mzazi ataoga maji ya moto na nyumba yake haiachwi ipoe. Nicole anakaa North York, kwenye ghorofa ambako joto linatoka ukutani bila mtu kuliomba. Alikuwa amesema wazi kwamba nyumba ikiwa na baridi, au ikinuka moshi, mtoto haji.

Na Épiphanie alimtaka aje. Alimtaka kuliko alivyotaka kitu chochote tangu wafike nchi hii. Nicole alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, msimu wa mvua. Mama yake Épiphanie hakuwapo, shangazi hawakuwapo, na hakuna aliyemletea hata ukuni mmoja. Alichemsha maji ya kumwosha mtoto kwa matawi mabichi aliyoyaokota mwenyewe, macho yanamtoka machozi, na mpaka leo hajui kama yalikuwa ya moshi. Alijiapia siku ile kwamba mtoto wa mtoto huyu atapokelewa penye moto wa maana. Sasa nyumba anayo, jiko analo, mume anaye. Kasoro ni mume.

Jumatatu jioni Tharcisse akawasha. Kuni zikatoa povu vichwani, zikalia fyuu, zikakataa. Akapuliza. Akatia magazeti. Dohani nayo ilikuwa imejaa hewa baridi, ikaurudisha moshi sebuleni, na kengele ya moshi darini ikaanza kupiga mayowe. Tharcisse akapanda kiti, akaipepea kwa kifuniko cha sufuria, huku akieleza kwamba jiko halijazoea tu.

Jumanne baridi ikazidi, na hapo Épiphanie akaona hesabu ya ajabu. Baridi ikiongezeka, kuni zinaliwa zaidi. Kuni zinavyoliwa zaidi, ndivyo zinavyotolewa zilizo chini kabisa, mbichi zaidi na zimeshikana kwa barafu. Moto ulikuwa unafanya kazi ya kukausha kuni kwanza, ndipo ukumbuke watu. Lile rundo la kufika kifuani likashuka hadi kiunoni, kioo cha jiko kikawa cheusi tii, na sebuleni bado mtu anakunywa chai amevaa glavu. Ukifunga madirisha, moshi. Ukifungua, moshi unatoka na joto lile kidogo linaufuata.

Épiphanie akasema wakanunue kuni kwenye kituo cha petroli, zinauzwa pale mlangoni, kavu, zimefungwa tayari. Tharcisse alimtazama kama aliyetukaniwa marehemu baba yake.

"Kuni za mfuko," akasema. "Kama karanga. Watu wakinikuta nimebeba kuni za mfuko, nitawaambia mimi ni mtoto wa wapi?"

Anayeendesha gari ni yeye, na theluji ilikuwa magotini, kwa hiyo habari ya kituo cha petroli ikaishia hapo. Alhamisi Épiphanie akafungua oveni atie mkate. Ndani akakuta kuni. Zimepangwa vizuri, mstari kwa mstari, moto mdogo, na utomvu unadondoka chini ya oveni yake. Tharcisse akaeleza kutoka sebuleni, bila hata kuinuka, kwamba anazisaidia kidogo. Épiphanie akasimama na sinia la unga mkononi, kisha akarudi kuketi kwa sababu angesema neno ambalo mke wa shemasi hapaswi kulisema.

Jioni ile ile Nicole akapiga simu ya picha. Akamwona mama yake amejifunga kitenge juu ya koti, na nyuma yake hewa ya kijivu.

"Mama, no," akasema. "Iteka ni mdogo, hawezi ku-breathe hiyo smoke. Tutafanyia huku kwetu, kuna party room kule chini. Sorry, Mama."

Épiphanie alikifahamu chumba kile cha sherehe. Kina viti vya plastiki, taa nyeupe na tangazo ukutani la kukataza kupika. Alimwomba Nicole apite tu Jumapili, asimame mlangoni, asikie mwenyewe hali ya nyumba, kisha aamue. Nicole akakubali kwa shingo upande. Patrick mumewe, alisema, atabaki nje kwenye gari, injini ikiwaka, ili wakirudi garini mtoto asipigwe na baridi mara ya pili.

Alipokata simu, Épiphanie alikaa muda akimtazama Tharcisse anavyopuliza. Alikuwa amechoka naye. Alimpenda, ndiyo, lakini siku hiyo uchovu ulikuwa umeutangulia upendo kwa hatua nyingi. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kuni za kununua mtu huyu hatazigusa. Lakini zawadi ya mzazi hairudishwi, si Rumonge, si Uvira. Akaingia chumbani, akampigia Candide, kiongozi wa akina mama kanisani, akamwambia awaambie watu, tena kila mtu, pamoja na wale wa kiwandani: safari hii wasilete nepi. Walete kuni, kama zamani.

Candide alicheka mpaka akakohoa. Kuni, Toronto? Épiphanie akamwambia hatanii.

Lakini Jumapili ikaonekana kwamba wengi walidhani anatania. Walikuja na nepi. Walikuja na sukari, na mablanketi ya rangi ya waridi, na nepi tena. Mzee mmoja alileta mfuko wa kuni wa kituo cha petroli, na Tharcisse akaupokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, akaukalisha pembeni, akaendelea na zake za oveni. Wageni wakakaa na makoti yao, wanasifu chai. Kengele ya moshi ilipiga mara moja na Tharcisse akaipepea bila kuacha kuzungumza.

Kisha Nicole akaingia. Alisimama pale pale mlangoni na viatu vyake, Iteka amefungwa kifuani kwake, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Kupitia dirishani gari la Patrick lilionekana linanguruma. Nicole akavuta pumzi kidogo, akamtazama mama yake, na Épiphanie akaona katika macho yale kwamba jibu limeshapatikana, kilichobaki ni namna ya kulisema kwa adabu.

Mlango ukagongwa nyuma yake. Alikuwa Kangethe, theluji mabegani, amekumbatia fungu la kuni, na mengine ameyashusha barazani.

"Pole kwa kuchelewa," akasema. "Nilisikia kazini mnataka kuni. Hizi zilikuwa zimekaa tu kwa garage, msimu wa nyama uliisha nikaziacha."

Zilikuwa za kijivu, nyepesi, zimepasukapasuka vichwani. Zimefungwa kwa kamba ya kijani.

Épiphanie akamwomba Nicole dakika chache tu, kwa heshima ya mgeni. Tharcisse akapiga magoti, akafungua kamba, akaweka vipande vitatu juu ya makaa yake yale ya kunung'unika. Hakupuliza. Moto ukashika wenyewe, mweupe, ukapanda, na dohani ikaanza kuvuta kwa sauti ya chini. Moshi uliokuwa sebuleni ukajiondokea. Épiphanie akafunga madirisha yote mawili, na baada ya muda watu wakaanza kufungua vifungo vya makoti, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Nicole akasogea hatua mbili. Kisha akavua viatu.

Tharcisse alikuwa bado amepiga magoti. Akachukua ukuni mmoja, akaupima, akaugonganisha na mwenzake, ukalia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na ndugu.

"Hizi sasa ndizo kuni," akawaambia wageni. "Sikieni hiyo sauti. Kangethe, umezitoa wapi?"

Kangethe akatazama soksi zake. "Nilipewa na mzee fulani. Mwezi wa tisa."

"Basi huyo mzee hajui kuni," Tharcisse akasema. "Mtu mwenye akili hatoi kuni kama hizi."

Épiphanie alikuwa ameshaiokota kamba sakafuni. Aliikunjua polepole.

"Huyo mzee ni wewe, Baba Nicole," akasema. "Na hii ni kamba yangu."

Candide akaziba mdomo kwa pembe ya kitenge. Tharcisse akaitazama kamba. Akazitazama kuni, akautazama moto, akamtazama Kangethe, aliyekuwa angali na shughuli na soksi zake. Épiphanie aliona habari inamfikia, inaingia, inashuka. Kwa kitambo aliamini kwamba leo, baada ya miaka yote hii, atalisikia lile neno dogo, samahani, kutoka katika kinywa kile, na mbele ya mashahidi.

"Nilijua zitarudi," Tharcisse akasema. "Ndiyo maana niliziweka kwa mtu mwaminifu."

Épiphanie akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, ya tangu Septemba, na yalikuwa yamekauka vizuri kuliko kuni zozote za mumewe. Angeyatoa yote pale pale, shemasi au si shemasi. Lakini pembeni mwa jicho akamwona Nicole ameketi karibu na jiko, anaandika kitu kwenye simu kwa kidole kimoja. Nje, injini ya gari la Patrick ikazimwa. Nicole akaiweka simu chini, akamvua Iteka kofia, na kichwa kile kidogo kikatokea, kina nywele nyingi, kimelowa jasho la usingizi.

"Mama," Nicole akasema, "mshike."

Épiphanie akaitupia kamba begani, akanyoosha mikono. Maneno aliyomwekea Tharcisse yangengoja. Yalikuwa makavu, hayangeharibika.