Televisheni ya Nyumba Mbili

Baba alifariki siku ya Ijumaa mchana, na jioni ile televisheni haikubebwa. Nakumbuka hilo kuliko vilio. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya soko la Kisii. Gulled, jirani yetu, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaitazama televisheni iliyokuwa mezani chini ya kitambaa cha mama, kisha akatazama chini. Kila Ijumaa walikuwa wakiibeba watu wawili, na sasa alikuwa amebaki peke yake.

Baba yangu, Okemwa, na Gulled muuza nguo waliinunua kwa shirika mwaka ule umeme ulipoingia katika ua wetu. Ilikaa kwetu kwa sababu sebule yetu ilikuwa pana, na akina Gulled walikuja jioni na viti vyao. Lakini sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, mambo ya dunia hunyamaza nyumbani kwetu mpaka Jumamosi jua lizame tena. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni televisheni ilivuka ua kwenda kwa Gulled, na Jumamosi ikarudi.

Gulled alibisha hodi kwa maamkizi ya jioni ya Ekegusii, lugha yetu: "Bwairire." Baba naye alimjibu, "Waalaikumsalamu," ingawa hakuna aliyemtolea salamu hiyo.

"Haya, Gulled, chukua dhambi yako."

"Kwangu siku moja ni dhambi, kwako wiki nzima ni habari?"

"Wewe beba. Jua halikungoji."

Baba alishika upande wa kushoto, Gulled wa kulia. Ubah, mke wa Gulled, alitangulia na waya mkononi usije ukawakwaza, akiwaonya juu ya jiwe lile lile la kufulia nguo ambalo kila mtu alijua lilipo. Upande wa baba, rangi ya kasha la mbao la televisheni ilikuwa imefutika pale vidole vyake vilipozoea kushika.

Kabla baba hajaugua, picha ilikuwa imeanza kufifia. Ukiiwasha, sauti ilitangulia, na kioo kikabaki cheusi kwa muda mrefu. Baba aliusubiri muda huo kwa hamu. Alitusimulia tusichokiona. "Huyu ni yule mnene wa habari," alisema. "Leo amevaa tai mbaya." Picha ilipotokea hatimaye, na weusi pembeni kama dirisha lenye masizi, tulikuta mtu mwembamba asiye na tai. Ubah alicheka mpaka akajifunika uso kwa shela.

Tulimzika baba kijijini kwetu Sironga, tukarudi mjini. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeiwasha. Akina Gulled waliona haya kuja na viti katika nyumba ya mjane. Ubah alileta chai ya viungo, akaketi kidogo, akaondoka. Jioni moja mama alipoiwasha mwenyewe, sauti ilikuja na picha haikuja kabisa.

Fundi Omwenga alikuja na sanduku lake la vyuma. Alifungua mgongo wa televisheni, akachungulia ndani, kisha akamwita Gulled naye asikie.

"Kioo kimekufa," alisema. "Ninacho kingine, nilikitoa katika televisheni iliyoungua ndani. Kitaingia. Lakini hii mmeichosha kwa kuibebabeba. Nikiitengeneza, ikae mahali pamoja. Mkiisogeza tena kila wiki, msiniite."

Gulled alikuna ndevu. "Mama Kemuma, usijisumbue," alimwambia mama. "Nitanunua mpya, iwe kwangu. Hii itengenezwe, iwe yako kabisa. Kila nyumba na yake. Hutangoja mtu akubebee."

Alisema kwa wema, nami niliona mama akiinama kama aliyeambiwa msiba wa pili. Nilijua anachoogopa. Kila nyumba ikiwa na yake, ni nani angevuka ua tena? Kwetu kungekuwa na mimi na yeye na kiti cha baba, na upande wa pili watu wakicheka nyuma ya pazia.

"Hiyo mpya, Okemwa hakuibeba," mama alisema.

"Ni kweli. Lakini hii nayo haibebeki."

"Itabebeka mara moja."

Ubah, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Kwenda wapi?"

"Kwenu. Ikikaa hapa, nyinyi Ijumaa mtakosa. Ikikaa kwenu, hakuna atakayekosa, ila mimi na Sabato yangu, na hapo sikosi kitu."

"Na wewe, Mama Kemuma?"

"Mimi nina miguu."

Omwenga alicheka chini chini, akaomba maji ya kunawa, akaanza kazi.

Alipomaliza, niliinuka kumshikia mama. Alinizuia kwa mkono. Alikunja mikono ya sweta, akaenda upande wa kushoto, akaweka vidole pale rangi ilipofutika. Gulled alishika upande wake. Ubah alichukua waya akatangulia.

"Chukua dhambi yako, Gulled," mama alisema.

Macho ya Gulled yalijaa machozi. Ubah ndiye aliyejibu kutoka mbele, bila kugeuka: "Jiwe hilo hapo. Msije mkaangusha na dhambi na habari." Ndipo tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu Sironga, na ilibidi mama na Gulled wasimame katikati ya ua mpaka kicheko kiishe.

Picha ya kioo kile kingine ni safi. Inatokea mara tu unapowasha, na msoma habari anaonekana mpaka vifungo vya shati. Huna haja ya kukisia chochote. Wakati mwingine mimi hufumba macho sauti inapoanza.

Jumamosi jua likishazama tunavuka ua. Kiti cha baba kiko kwa Gulled sasa, na mama ndiye anayekikalia.