Inchi Nne za Seremala

Mume wangu ni seremala, na haamini kitu mpaka akipime. Ndiyo maana tulikuwa na kabati la televisheni kabla ya kuwa na televisheni. Alhamisi binti yetu alipiga simu: amepata kazi ya ukalimani wa lugha ya alama kwenye taarifa ya habari, atakuwa ndani ya kile kidirisha cha juu, upande wa kulia, na anaanza Jumatatu saa saba mchana. Hata simu haijapoa, baba yake ameshachomeka penseli sikioni. Inchi thelathini na mbili, alitangaza. Zaidi ya hapo mfuko hauwezi, na chini ya hapo mtoto ataonekana mdogo kama kifungo cha shati.

Mtazamaji mwenyewe alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani, ambaye tunaishi naye. Hasikii tangu utotoni. Alama zinazompa binti yetu mshahara leo alifundishwa na shangazi yake huyo, pembeni ya cherehani, kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sisi wazazi tulidokoa dokoa tu. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyestahili kumwona mtoto yule siku ya kwanza, ni wifi. Kinyozi jirani anayo televisheni, lakini saa saba anaonyesha marudio ya mpira, na ukimwomba abadilishe anakuuliza unanyoa au unapita.

Jumamosi tukaenda madukani. Duka la kwanza, mume wangu alitoa futi yake ya chuma, akaipima televisheni kutoka ubavu wa kushoto hadi wa kulia.

"Ishirini na nane," alisema. "Inchi zangu nne ziko wapi?"

Muuzaji akacheka, akidhani ni utani. Hakuwa anamjua mume wangu. Duka la pili, ishirini na nane. Duka la tatu, ishirini na nane tena, na hapo akaninong'oneza, "Wamekula njama hawa." Mimi nilikuwa nimesogea kwenye mafriji, nafungua na kufunga milango kama mtu ambaye hana mume.

Duka la nne lilikuwa na dada mmoja asiye na papara. Alimwacha apime, akamwacha afoke, kisha akachukua futi mkononi mwake na kuivuta kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili.

"Thelathini na mbili, mzee wangu. Televisheni hupimwa kimshazari."

Mume wangu akapokea futi yake. Nilijua anawaza nini. Kabati lilikuwa limeshapigwa vanishi, na tundu lake lilikuwa na upana wa inchi thelathini na tatu kamili. Sikucheka pale. Nilicheka nyumbani, bafuni, taulo mdomoni.

Kwa aibu akanunua haraka, na haraka yake ikatufikisha kwenye ile ya bei ya chini kabisa, yenye jina ambalo hata yule dada alilitamka mara mbili kwa namna mbili. Lakini sauti ya televisheni hiyo ilijaa duka zima, na mimi mwenyewe nilisema, "Hii sasa ndiyo televisheni." Hakuna aliyetuambia kwamba sauti ile ilitoka kwenye spika kubwa za nyuma ya pazia, ambazo zinauzwa peke yake.

Jumatatu, saa saba kasoro dakika kumi, wifi alikuwa ameshakaa mbele, kavaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Televisheni ilikaa ndani ya kabati kama mtoto ndani ya koti la baba yake, na kila upande mume wangu alikuwa amechomeka kipande cha mbao, eti pambo. Tukawasha. Sauti ikatoka kama nyuki ndani ya kopo. Picha nayo ilikuwa imevimba, inamwagika nje ya kioo. Msomaji wa habari alikosa nywele. Na ndani ya kidirisha, binti yetu alikuwa hana kichwa.

Nilishikwa na hasira ya kutaka kulia. Siku nzima ya kuzunguka madukani, halafu tunamletea wifi shingo! Mume wangu alibonyeza rimoti kila mahali. Maandishi ya lugha tusiyoijua yakatokea, yakapotea, na kichwa hakikurudi.

Wifi akamshika mkono, akamwondoa mbele ya kioo. Mikono ya mtoto ilikuwepo yote miwili. Wifi aliitazama bila kupepesa. Mara akashika tama, mara akatingisha kichwa kwa masikitiko, mara mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko. Sisi wenye masikio tulikuwa tunasikiliza nyuki.

Mume wangu akashindwa kuvumilia. Akamgusa bega, akamuuliza kwa zile alama zake za kubabaisha: wanasema nini?

Wifi hakuondoa macho kwenye kioo. Akainua mkono mmoja na kumjibu, nami nikaona na kuelewa, kwa sababu hiyo ni alama tunayoijua sisi sote vizuri kabisa. Ndiyo tuliyompa miaka yote, mezani, harusini, misibani, kila alipotuvuta nguo kutaka kujua watu wanacheka nini, wanalia nini.

Nitakuambia baadaye.

Mume wangu alinitazama. Kisha akaweka rimoti chini, akakaa pembeni ya dada yake, akasubiri.