Barua ya Posa Yafika Ningbo

Kosa lilikuwa la Shufaa. Mwenyewe alilijua tangu siku ya kwanza, ila kulitamka kwa kinywa chake kulimgharimu safari ya mbio mpaka Uchina na kurudi.

Barua ya posa ilipofika kwenye fleti yao ya Randburg, Johannesburg, mwezi wa nane mwaka 2018, ilikuja kama zinavyokuja kwao Tanga: imekunjwa ndani ya kitambaa cheupe, imefungwa utepe mwekundu, imelazwa juu ya sinia. Wazee wa Mwadini, kijana wa Kizanzibari anayetengeneza mafriji, waliiweka mezani, wakanywa chai yao, wakaaga. Barua ya namna hiyo haifunguliwi na kila mwenye vidole. Anaifungua walii wa binti, yaani mwenye haki ya kumwozesha, na kwa kuwa baba hayupo, walii wa Tabia alikuwa kaka yake Seif, aliyeko Uchina. Shufaa hilo halikuwa geni kwake hata kidogo. Lakini wageni hawajafika hata kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, yeye ameshavuta utepe, ameshasoma, na kigelegele alichopiga kilimtoa Marthe, jirani yao Mkongomani msusi, mpaka kwenye korido na kitana mkononi. Kesho yake jibu likaenda kwa wazee: tumekubali.

Ndivyo alivyo. Johannesburg ilikuwa imemzoesha kuamua peke yake: mtaa gani wapange, mtoto asome shule gani, nani aingie ndani na nani aishie mlangoni. Tabia alikuwa mtoto wa dada yake marehemu, amemlea tangu ana miaka sita, na kwa Shufaa hakukuwa na mjadala wa mtoto huyo ni wa nani.

Seif alipopigiwa simu kupewa habari njema, alisikiliza mpaka mwisho.

"Barua mmefungua wenyewe," akasema. "Basi mwozesheni wenyewe."

Akakata. Toka hapo simu ikawa inaita tu.

Sheikh wa msikiti hakuwa na njia ya mkato. Walii yu hai, ana akili zake timamu, alipo panajulikana; hamruki mtu. Labda, alisema, akithibitika amekataa bila sababu, yeye mwenyewe atasimama badala yake. Hapo ndipo Tabia, ambaye hajawahi kumpandishia mama yake sauti, alipoweka chini kikombe.

"Mama, mimi siozeshwi na mtu baki wakati kaka yangu yupo. Kama Seif hataki, ndoa haipo."

Na alikuwa hatanii. Nikaha ilishapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, ndugu wa Tanga walishakata tiketi, na bibi harusi ndiye huyo anasema ndoa haipo. Shufaa hakulala vizuri siku tatu. Siku ya nne akamwambia mumewe wanakwenda.

"Wapi?" akauliza Burhani.

"Uchina."

Burhani alikuwa dereva wa lori katika ghala moja Midrand, mtu wa kutafuna taratibu na kukasirika taratibu. Alitafuna, akameza. "Nina likizo ya siku saba," akasema.

"Zinatosha kabisa."

Wakati wanasubiri viza, Shufaa alikwenda kwa wazee wa Mwadini akafanya jambo lililomchoma kooni: aliwaomba waandike barua upya. Ile ya kwanza, aliwaambia, imeharibika. Hakusema imeharibiwa na nani, na wazee kwa adabu zao hawakuuliza. Baba mkubwa wa Mwadini akaiandika, akaikunja ndani ya kitambaa kipya, akapiga mafundo matatu kwenye utepe. Shufaa akaitia kifuani, ndani ya buibui.

Guangzhou walifika Jumamosi mchana, miguu imevimba. Yasini, mdogo wake Burhani, aliyekuwa na mwaka wa nane akinunua simu na kuzisafirisha Afrika, aliwapokea kwa furaha, akawapakia kwenye teksi, na kabla hawajafika kwake akawapa habari mbaya.

"Seif kaondoka jana. Ana wateja Wakongomani, alikuwa nao Foshan kwenye vigae, sasa kawapeleka Yiwu. Shemeji, yule kazi yake ni kuzungusha watu viwandani mpaka mzigo wao uingie kontena. Humkamati kwa miguu."

"Treni ya Yiwu inaondoka saa ngapi?"

"Kesho asubuhi. Leo mnakula kwangu."

Basi walikula. Mke wa Yasini alikuwa amepika pilau, na kuku, na sambusa za kufungulia kinywa, na kila Shufaa alipotaka kuinuka sahani iliongezwa. Alikula huku anaangalia saa ya ukutani, na moyoni anasema watu wa nyumba hii watatuua kwa wema.

Asubuhi, kwenye stesheni, mambo yakataka kuharibika. Askari wa kike, kijana kabisa, alimpitishia Shufaa kile kifimbo cha ukaguzi, mkono wake ukagusa kitu kigumu kifuani. Akaashiria kitoke. Kikatoka. Akaashiria kifunguliwe.

"Hakifunguliwi," akasema Shufaa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha yake akikasirika.

Askari akanyoosha kidole kwenye fundo. Shufaa akakumbatia barua kwa mikono miwili. Nyuma yao foleni ilianza kunung'unika, na kwenye ubao zimebaki dakika kumi na moja. Burhani alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Alitoa simu, akaandika kwa kidole kimoja kwenye ile programu ya kutafsiri aliyowekewa na Yasini, akamgeuzia askari kioo: Hii ni barua ya kuomba mchumba. Kwa mila yetu anayeifungua ni kaka wa binti. Yuko Yiwu. Huyu ni mke wangu, na aliwahi kufungua ya kwanza.

Askari akasoma. Akamwita mwenzake, naye akasoma. Wakamtazama Shufaa, na yule kijana akaziba mdomo kwa kiganja akicheka, mabega yakitikisika. Barua ikapitishwa kwenye mashine peke yake, mara mbili, ikarudishwa kwa mikono miwili kama inavyorudishwa kwa watu wenye heshima zao. Walikimbia, na mlango wa behewa ulifungwa nyuma ya kisigino cha Burhani.

"Umewaandikia nini?" Shufaa aliuliza akishapata pumzi.

"Nimewaambia ukweli."

Halafu akakaa akitazama namba nyekundu za mwendo juu ya mlango, mia mbili tisini na nane, mia tatu na moja, mia tatu na tano, chai yake imetulia kwenye kikombe.

"Mimi kila asubuhi natambaa barabara ya Midrand," alisema, "kumbe wenzetu wanaishi hivi."

Shufaa alicheka, mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. Milima ilipita, miji ilipita, na yeye akaona wazi kwamba watashinda.

Yiwu nako Seif ameshatoka. Alipita asubuhi, alisema Mwanahamisi, binamu yake Burhani, mwenye mgahawa mdogo anakokula nusu ya Waafrika wa soko lile; kesho anapakia kontena Ningbo, bandarini. Mwanahamisi alikuwa mtu wa raha na maneno mengi. Aliwapa chumba cha juu, akawapa supu, kisha akakaa karibu na Shufaa akaikazia macho barua iliyokuwa mezani.

"Hivi wewe hutaki kujua wameandika nini safari hii?" akanong'ona. "Birika linachemka hapo. Fundo unalilegeza kwa mvuke, unasoma, unalirudisha. Mimi nitakuwa nimekwenda jikoni, sikuona."

Shufaa mkono ulimwasha. Huo ndio ukweli wake. Alitaka kujua kama wamemsifu Tabia, kama wamemtaja yeye aliyemlea, kama ile barua ya kwanza nayo imesemwa humo. Aliigusa barua, akalizungusha fundo la juu kwa kucha. Ndipo alipomkumbuka Tabia alivyoweka kikombe chini, taratibu, bila kupiga kelele. Akaichukua, akairudisha kifuani.

"Mwanahamisi, birika lako litilie majani ya chai," akasema.

Ningbo waliingia Jumatatu kabla ya adhuhuri. Ghala lilikuwa uwanja mkubwa wa saruji, kontena moja limeachamishwa mlango, na vijana wa Kichina wanaingiza maboksi haraka haraka. Mbele alisimama mwanamume wa miaka thelathini hivi, karatasi mkononi, kipaji cha uso ni kile kile cha marehemu dada wa Shufaa. Alimwona Shufaa, akawaona wote wawili. Hakusema shikamoo. Akaendelea kuhesabu maboksi.

Shufaa, na hotuba yake aliyoitunga miji mitatu, akasogea akasimama kando ya maboksi. Jua linapiga. Mteja wa Seif, Lambert, Mkongomani mwenye duka la vitambaa huko huko Johannesburg, akawatazama wote kwa zamu.

"Seif, uyu mama ametoka Joburg juu yako, na weye unamuacha ku jua kali?"

Seif akashusha karatasi. Alikuja mpaka mbele ya mama yake mdogo, akasema kwa sauti ya chini, bila matusi, na ndiyo maana iliuma zaidi.

"Mama alipokufa ulimchukua Tabia bila kuniuliza. Nilirudi kutoka shule, kitanda chake kitupu. Leo tena umemwoza bila kuniuliza."

"Ulikuwa mtoto, Seif. Una miaka kumi na tano."

"Nilikuwa kaka yake."

Angekuwa Shufaa wa siku zote, hapo angejibu. Alikuwa na majibu: viza ya mtoto mmoja tu, baba mtu naye hayupo, bibi hajiwezi, barua alizomwandikia zikarudi. Yote kweli. Yote alikuwa nayo ulimini. Akayameza. Alimwona yule mvulana na kitanda kitupu, akaona aibu kama ambavyo hajawahi kuona mbele ya mtu, akatoa barua kifuani, akaishika kwa mikono miwili.

"Nimekosa, mwanangu," akasema. "Mwaka ule nimekosa na mwaka huu nimekosa. Hii ni yako. Haijaguswa."

Burhani aligeuka akatazama kontena, maana miaka ishirini ya ndoa hajalisikia neno hilo kwa mkewe.

Seif aliipokea. Akayatazama mafundo moja moja, akazungusha kitambaa, akanusa utepe. Kisha akafungua, akasoma kimya, midomo inatembea. Vijana wa Kichina walikuwa wamesimama, maboksi mabegani. Alipomaliza akaikunja vile vile.

"Nimeipokea," akasema. "Kwa desturi walii anapewa siku saba za kufikiri. Nitazichukua zote."

Siku saba. Ndege yao inaondoka Shanghai kesho. Nikaha ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Shufaa alifungua kinywa, akakifunga, na hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko safari yote.

"Haki yako," akasema.

Shanghai hawakuiona zaidi ya vioo vyake kwenye dirisha la basi. Burhani alimshika mkono njia nzima. Shufaa alikuwa anarudi bila jibu, na ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi, kwa sababu barua ilifika kama ilivyofungwa na yeye ndiye aliyeifikisha. Alimwambia Tabia hivyo hivyo, jikoni Randburg: nimeifikisha, sikuifungua, kaka yako anafikiri. Tabia alimkumbatia muda mrefu. Hakuna aliyepiga simu Uchina. Mara mbili Shufaa alishika simu, mara mbili akaiweka.

Jumatatu, siku ya saba, ikapita asubuhi, ikapita adhuhuri. Eish, alisema Marthe, huyo kaka ana roho ya chuma. Saa kumi alasiri kengele ya mlango ikalia. Burhani akafungua, na pale kizingitini akasimama Seif, begi moja begani, vumbi la safari usoni, mkononi ameshika kitambaa cheupe kilichofungwa utepe mwekundu.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema. Kisha akatazama nyuma ya Burhani. "Shikamoo, mama mdogo."

Tabia alipiga ukelele mmoja akamrukia, na walikaa wamekumbatiana hapo hapo mlangoni, watu wazima wawili, wakilia. Walipoachana Seif alimwendea Shufaa, aliyekuwa amesimama karibu na jiko.

"Jibu langu kwa kina Mwadini," akasema, akampa kile kitambaa. "Jumamosi nitashika mkono wa bwana harusi mwenyewe. Simwachii mtu."

Shufaa alikipokea. Mafundo matatu, yamekazwa na mkono wa mwanamume. Akakitafutia mahali juu ya kabati, mbali na vidole vyake, akakiweka hapo kwa uangalifu.

"Wazee watakuja kukichukua kesho," akasema. "Watafungua wao."

Seif akakishusha tena, akakirudisha viganjani mwa Shufaa.

"Hii fungua wewe, mama," akasema.

Yeye mwenye vidole vyepesi kuliko wote, akahangaika na fundo moja mpaka Tabia akamsaidia. Alisoma mstari wa kwanza tu. Kigelegele kilichotoka kiliteremka ngazi za jengo zima, na kwenye korido Marthe akatoka na kitana chake, akauliza kama safari hii ni ya kweli.

"Ya kweli," akasema Burhani, akaenda kuweka chai.